Vigari vya plastiki vya kale vyageuka bidhaa ya wakusanyaji

WAKULIMA wengi wa umri mkubwa wanaikumbuka trekta ya Ferguson, ile ndogo ya rangi ya kijivu iliyotangulia Massey Ferguson nyekundu zinazoonekana mashambani leo. Wasichokijua wengi ni kwamba trekta hiyo ndiyo iliyoifungulia njia moja ya kampuni mashuhuri duniani kwa vigari na vindege vya plastiki vinavyouzwa vipande vipande ili mnunuzi aunganishe mwenyewe.

Kampuni yenyewe ni Airfix ya Uingereza. Ilianzishwa mwaka 1939 na Nicholas Kove, na kwa miaka yake ya mwanzo ilikuwa ikitengeneza midoli ya bei nafuu na vitana vya plastiki. Mwaka 1949 ikapewa kazi ya kutengeneza mfano mdogo wa trekta ya Ferguson TE20, ili mawakala wa mauzo wautembeze kwa wateja. Mfano ule ulikuwa ukiunganishwa kwa mikono kiwandani, na kazi hiyo ilikula muda na fedha. Ili kupunguza gharama, Airfix ikaamua kuuza vipande vikiwa havijaunganishwa, kupitia maduka ya Woolworth. Kazi iliyokuwa ikimgharimu mwenye kiwanda ikahamia mezani kwa mteja, tena mteja akailipia na kuifurahia. Ni wafanyabiashara wachache waliowahi kupata bahati ya namna hiyo.

Zaidi ya miaka 70 baadaye, maboksi ya aina hiyo yaliyosalia kwenye dari, magodauni na vyumba vya chini vya nyumba za Ulaya na Marekani yamekuwa bidhaa. Wapo wanaoyakusanya bila kuyafungua. Wapo wanaonunua vigari vilivyoharibika, vilivyounganishwa ovyo na watoto miaka ya 1960, wakavibomoa na kuvijenga upya. Na wapo wanaoishi kwa kuuza tairi moja, bampa moja au kioo kimoja kwa yule aliyekikosa.

Kwa mfanyabiashara mdogo wa huku kwetu anayeishi kwa mitumba na vipuri vya magari, habari hii haiko mbali kama inavyoonekana. Vinavyotofautiana ni ukubwa wa gari na mnunuzi mwenyewe. Hesabu ya kipuri adimu ni ile ile.

Detroit na zawadi ya mtoto

Ingawa Airfix ilianza na trekta, makao makuu ya vigari hivi yalikuwa Marekani, katika mji wa Detroit na vitongoji vyake, pale pale palipokuwa na viwanda vya magari makubwa. Mwaka 1948 mwanasheria mmoja, West Gallogly, alianzisha kampuni iliyoitwa Aluminum Model Toys, ambayo baadaye ilijulikana kwa kifupi kama AMT. Kama jina linavyosema, kigari cha kwanza kilikuwa cha aluminiamu, mfano wa Ford ya wakati huo. Muda si mrefu kampuni ikahamia kwenye plastiki.

Wateja wa kwanza walikuwa wauzaji wa magari, si watoto. Muuzaji alihitaji kumwonyesha mteja umbo na rangi za gari la mwaka mpya bila kulazimika kuwa na kila gari uwanjani. Kigari kidogo kilichopakwa rangi halisi ya kiwandani kilifanya kazi hiyo, na mara nyingi mtoto wa mteja alikabidhiwa kimoja wakati baba akijaribu gari. Mtoto akirudi nacho nyumbani, tangazo linakaa mezani mwaka mzima. Kampuni ya Jo-Han, iliyoanzishwa na John Haenle huko huko Detroit, ilifanya biashara hiyo hiyo.

Mwaka 1958 AMT iliingiza sokoni seti za kuunganisha zilizotokana na vigari hivyo vya matangazo. Kila boksi lilikuwa na ahadi ya magari matatu ndani ya moja: mnunuzi angeweza kulijenga gari kama lilivyotoka kiwandani, au kulipamba kwa namna yake, au kulifanya la mashindano. Seti moja iliuzwa kwa bei isiyofika dola mbili. Kipimo kilichozoeleka kilikuwa moja kwa 25, maana yake gari lenye urefu wa mita tano linakuwa na sentimita 20. Waingereza na Wajapani walipendelea zaidi moja kwa 24 na moja kwa 32.

Ahadi ile ya magari matatu ilikuwa na maana ambayo hakuna aliyeifikiria wakati huo. Mtoto alitumia vipande vya gari moja tu. Vile vya namna nyingine mbili vilibaki. Vipande hivyo vilivyotupwa kwenye makopo ya biskuti na maboksi ya viatu ndivyo leo vinavyookoa magari mengi yaliyokosa magurudumu au boneti.

Kampuni nyingine zilifuata. George Toteff alianzisha MPC katika jimbo hilo hilo la Michigan miaka ya mwanzo ya 1960. Revell ilikuwa California, na Monogram jirani na Chicago. Japani nayo ilikuwa na mkoa wake, Shizuoka, ambako zipo Tamiya, Hasegawa, Aoshima na Fujimi. Tamiya ilianza na biashara ya mbao kabla haijaingia kwenye plastiki, na mwaka 1967 ilitoa gari la mashindano la Honda la kipimo cha moja kwa 12 ambalo wakusanyaji bado wanalitaja kwa heshima.

Siri iko kwenye kalibu

Anayetaka kuelewa kwa nini boksi moja la mwaka 1962 lina thamani na jingine la mwaka huo huo halina, lazima aelewe kwanza kalibu.

Vipande vya plastiki hutoka kwenye kalibu ya chuma yenye mashimo ya umbo la kila kipande. Plastiki iliyoyeyushwa husukumwa ndani kwa nguvu, inapoa, kalibu inafunguka, na vipande vinatoka vikiwa vimeshikana kwenye vijiti kama matunda kwenye kikonyo. Plastiki yenyewe ni rahisi. Ghali ni kalibu, kwa sababu huchongwa kwa chuma kigumu na mafundi wenye ujuzi wa hali ya juu. Kampuni ikishalipia kalibu, inataka itumike miaka mingi iwezekanavyo.

Hapo ndipo lilipozaliwa tatizo la vigari vya kila mwaka. Viwanda vya Detroit vilibadilisha sura za magari karibu kila mwaka: taa zinasogezwa, mkia unakatwa, grili inapanuliwa. Kampuni za vigari hazikuwa na uwezo wa kuchonga kalibu mpya kila mara, hivyo zikachukua ile ya mwaka uliopita na kuirekebisha iwe ya mwaka mpya. Gari la mwaka 1963 likazaliwa, lakini kalibu ya mwaka 1962 ikawa imekufa. Nyingine zilipozeeka zilibadilishwa tena, zikakatwa matao ya magurudumu na kugeuzwa magari ya mashindano. Chuma kilichochongwa hakirudi kuwa kama kilivyokuwa.

Kwa hiyo seti za mwaka mmoja tu, ambazo kalibu zake zilibadilishwa, haziwezi kutolewa tena kwa urahisi. Zilizobaki ndizo zilizobaki. Zile ambazo kalibu zake hazikuguswa zinaweza kurudi kiwandani siku yoyote, na zikirudi, bei ya boksi la zamani hushuka. Aliyenunua kwa bei ya juu akidhani ana kitu adimu, anaamka na kukuta seti mpya ya gari lile lile imejaa madukani.

Jambo hili limewahi kuwaumiza wengi. Kampuni ya Round 2 ya South Bend, Indiana, ambayo leo inamiliki majina ya AMT na MPC, kazi yake kubwa ni kutoa upya seti za zamani kwa kutumia kalibu zilizohifadhiwa, tena zikiwa kwenye maboksi yenye picha zile zile za zamani. Katika miaka ya karibuni imekwenda mbali zaidi: inachukua seti ya kale ambayo kalibu yake ilikwishabadilishwa, inainakili, na kuchonga kalibu mpya. Mjengaji anafurahi kwa sababu anapata gari aliloliota kwa bei ya kawaida. Mwekezaji wa maboksi analia. Ukweli ni kwamba biashara yoyote inayotegemea uhaba inapaswa kujiuliza kwanza ni nani mwenye uwezo wa kuumaliza uhaba huo.

Njia ambayo kalibu hizo zilipitia nayo ina mambo yake. AMT iliuzwa mwaka 1978 kwa Lesney, kampuni ya Uingereza iliyokuwa ikitengeneza Matchbox. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ikaangukia mikononi mwa Ertl, kampuni ya Iowa ambayo msingi wake ulikuwa matrekta ya kuchezea. Fred Ertl alianza mwaka 1945 akiyeyusha aluminiamu ya mabaki ya ndege nyumbani kwake Dubuque, na kumimina kwenye kalibu za mchanga. Baadaye kampuni ilihamia Dyersville, mji wa wakulima ambao hadi leo una makumbusho ya taifa ya vifaa vya kilimo vya kuchezea. Hivyo trekta lilihusika kuanzisha vigari vya plastiki Uingereza, na trekta likaja kuviokoa Marekani.

Si zote zilizookolewa. Kalibu za Jo-Han zilitawanyika baada ya kampuni hiyo kudhoofika, na seti zake nyingi hazijarudi sokoni. Jo-Han ndiyo iliyotengeneza kigari cha Chrysler Turbine, gari lililotumia injini ya aina ya ndege, ambalo Chrysler iliwapa watu wa kawaida 203 kulijaribu kuanzia mwaka 1963. Baada ya majaribio Chrysler iliyaharibu karibu magari yote. Yamebaki tisa tu. Kwa mpenda magari ambaye hatawahi kuligusa lile kubwa, kigari cha Jo-Han ndicho kilichobaki cha kukiweka mezani.

Mnunuzi anaangalia nini

Boksi ambalo halijafunguliwa, bado limebanwa na nailoni ya kiwandani, ndilo lenye bei ya juu. Ndilo pia lenye udanganyifu mwingi. Mashine ya kubana nailoni si ghali, na mtu anaweza kuchukua boksi lililopungukiwa vipande, akalifunga upya na kuliuza kama jipya. Wazoefu huangalia mshono wa nailoni, vitundu vya kutolea hewa, na kama kingo za boksi zimechakaa chini ya nailoni ambayo yenyewe haina hata mkwaruzo. Boksi lililochakaa ndani ya nailoni mpya ni sawa na injini iliyooshwa kwa petroli siku ya kuuza gari.

Kwa sababu hiyo wanunuzi wengi wenye busara wanapendelea boksi lililokwisha kufunguliwa ambalo vipande vyake bado vimeshikamana na vijiti. Hapo mtu anaweza kuhesabu. Karatasi ya maelekezo huonyesha kila kipande, na muuzaji mwaminifu huhesabu kimoja baada ya kingine, kisha hupiga picha.

Kuna adui mmoja ambaye hahesabiki: tairi. Tairi za seti nyingi za zamani zilitengenezwa kwa plastiki laini, na ulaini huo hutokana na kilainishi kilichochanganywa humo. Kadiri miaka inavyopita, kilainishi hujitokeza nje, na popote tairi ilipogusa plastiki ngumu, huiyeyusha taratibu. Mtu anafungua boksi lililofungwa miaka 50 na kukuta tairi imezama ndani ya kioo cha mbele kama kijiko kwenye ugali wa moto. Boksi limefungwa kweli, ni la asili kweli, lakini gari limekufa. Mkusanyaji anayejua kazi yake akishafungua boksi, kitu cha kwanza anachofanya ni kuzitoa tairi na kuziweka kwenye mfuko wake peke yake.

Vigari vya matangazo vya miaka ya 1950 vina ugonjwa mwingine. Vilitengenezwa kwa plastiki ya asetati, ambayo hupinda na kulegea kadiri umri unavyokwenda. Paa linabonyea, mkia unanyanyuka. Kuanzia miaka ya mwanzo ya 1960 viwanda vilihamia kwenye polistirini, ambayo haipindi hivyo isipokuwa ikipata joto kali.

Joto ndilo linalofanya dari ya nyumba kuwa mahali pabaya pa kuhifadhia. Chumba cha chini nacho kina unyevu, na unyevu huvimbisha boksi, huleta ukungu na kuharibu stika. Anayejua kuhifadhi mahindi anajua tayari masharti ya kuhifadhi maboksi haya: pakavu, pasipo na joto, juu ya chaga na si sakafuni, na panya wasipewe nafasi.

Kufufua kigari kilichokufa

Sehemu yenye mvuto zaidi katika shughuli hii si ya wakusanyaji wa maboksi bali ya mafundi wanaofufua. Hawa hununua kile ambacho Waamerika hukiita bomu la gundi: kigari kilichounganishwa na mtoto wa miaka tisa, alama za vidole zikiwa zimeganda kwenye paa, rangi ya nyumba imepakwa kwa brashi, magurudumu mawili hayapo. Uzuri wa bomu la gundi ni kwamba bado lina bodi, na bodi ya gari ambalo kalibu yake ilibadilishwa haipatikani pengine popote.

Kazi huanza kwa kubomoa. Gundi ya zamani ya mrija ilifanya kazi kwa kuyeyusha plastiki ili vipande viungane, na pale ilipopenya vizuri hakuna cha kutenganisha zaidi ya msumeno mwembamba. Lakini watoto wengi walipaka gundi nyingi juu juu, na gundi hiyo ikizeeka huwa kavu na yenye kukatika. Mafundi huweka kigari kwenye friza kwa saa kadhaa. Baridi huifanya gundi iwe rahisi zaidi kuvunjika, na kwa kuminya taratibu kwenye maungio, vipande huachia kwa mlio mdogo. Anayetumia nguvu huvunja nguzo za kioo cha mbele, ambazo ni nyembamba kuliko njiti ya kiberiti.

Hapa pana habari ya pembeni kuhusu gundi hiyo. Miaka ya 1960 vijana wengi Marekani waliingia kwenye mkumbo wa kunusa gundi za vigari ili kulewa, jambo ambalo halina tofauti na lile linaloonekana kwenye baadhi ya mitaa ya miji yetu. Kampuni ya Testors ya Rockford, Illinois, mwaka 1969 ilianza kuchanganya mafuta ya haradali kwenye gundi yake ili anayeinusa achomwe pua.

Baada ya kubomoa, rangi huondolewa. Dawa iliyotumika kwa miaka mingi ni mafuta ya breki. Bodi hulazwa ndani ya chombo kwa siku moja au zaidi, kisha husuguliwa kwa mswaki wa meno na kuoshwa kwa sabuni. Wengine hutumia spiriti au dawa ya kusafishia oveni. Zote zina hatari: mafuta ya breki ni sumu na hayapaswi kumwagwa ovyo, dawa ya oveni huchoma ngozi na macho. Glavu ni lazima, na kipande kidogo kisicho na kazi hujaribiwa kwanza, kwa sababu dawa inayoiacha polistirini salama inaweza kuiharibu plastiki ya asetati.

Sehemu zinazong'aa kama nikeli, yaani bampa, grili na vifuniko vya magurudumu, zina njia yake. Mng'ao huo ni utando mwembamba wa aluminiamu uliowekwa ndani ya chombo kisicho na hewa, na huondoka kwa kulowekwa kwenye jiki. Tatizo ni kuurudisha. Wapo wachache wanaofanya kazi ya kung'arisha upya kwa malipo, na mteja husubiri. Kwa vipande vidogo vya pembeni mwa madirisha, fundi hutumia karatasi nyembamba sana ya metali yenye gundi nyuma, ambayo huilaza juu ya rangi, huikandamiza kwa njiti, kisha hukata ukingo kwa wembe mpya. Wembe uliochoka huichana.

Baada ya hapo kazi inafanana na ya fundi wa bodi na rangi katika gereji yoyote. Alama za vidole na mashimo huzibwa kwa puti. Msasa hufuata, kuanzia mkavu wa namba ndogo hadi ule laini wa maji. Kisha rangi ya kwanza, ambayo huziba na kulinda, maana rangi kali za magari zikipuliziwa moja kwa moja juu ya polistirini huichoma na kuifanya iwe na mistari kama udongo uliopasuka kwa jua. Kisha rangi yenyewe, mara kadhaa, kwa tabaka nyembamba. Haraka ndiyo huharibu kazi nyingi katika hatua hii.

Vipande vilivyopotea ama hununuliwa, ama hutengenezwa. Fundi huazima kipande kizima kutoka kwa mwenzake, hukimiminia silikoni ili kupata kalibu laini, kisha humimina rezini inayoganda kwa dakika chache. Kuna watu waliofanya shughuli hiyo kuwa biashara ndogo ya nyumbani, wakiuza boneti, viti na magurudumu ya rezini kwa wajengaji wa nchi nyingine. Kifurushi ni chepesi na posta si ghali. Kinachogombaniwa ni haki: kunakili kipande cha zamani kisichotengenezwa tena wengi wanakivumilia, lakini kunakili kazi ya fundi mwenzako aliyechonga kwa mkono wake ni wizi, na anayefanya hivyo husemwa vibaya kwenye kila maonyesho.

Kuhusu stika, zile zilizogeuka njano hubandikwa dirishani ndani ya mfuko wa nailoni, na jua huzirudishia weupe baada ya siku au wiki kadhaa. Ni ujanja usiogharimu kitu.

Je, kuna faida?

Tuchukue mfano wa kukadiria tu, ambao si bei ya soko. Fundi ananunua mabomu ya gundi matatu kwa dola 15 kila moja, jumla dola 45, ili apate gari moja zima. Rangi, puti, gundi na karatasi ya metali vinachukua dola 20. Gari likikamilika analiuza dola 90. Amebaki na dola 25. Kama alitumia saa 30, amejilipa senti 83 kwa saa. Hakuna kibarua wa Marekani anayefanya kazi kwa ujira huo.

Kwa maneno mengine, anayefufua vigari kwa ajili ya kuuza anafanya hivyo kwa mapenzi. Fedha ziko kwa yule aliyenunua maboksi 200 kwa pamoja kutoka kwenye nyumba ya marehemu, akatenganisha yaliyokamilika na yasiyokamilika, na kuuza vipuri vya haya ya pili kimoja kimoja. Ni biashara ya mchinjaji: ng'ombe mzima ana bei yake, lakini nyama, ngozi, kwato na utumbo vikiuzwa mbalimbali vinaleta zaidi.

Aidha, kufufua kunaweza kupunguza thamani. Kigari cha matangazo chenye rangi yake ya kiwandani, hata kama imekwaruzika, kikipakwa rangi mpya kinapoteza kile alichokitaka mkusanyaji. Kanuni wanayoifuata wengi ni kwamba kilichotoka kiwandani kikiwa kamili kisafishwe tu, na kilichoharibiwa na mtoto ndicho kifufuliwe.

Datsun ya Safari Rally

Wapenzi wa magari wa Afrika Mashariki nao wamo kwenye makabati ya wakusanyaji, ingawa wengi hawajui. Hasegawa ya Japani imetoa kwa kipimo cha moja kwa 24 seti ya Datsun 240Z iliyoshinda East African Safari mwaka 1971, ikiendeshwa na Edgar Herrmann akiwa na Hans Schüller. Miaka miwili baadaye, mwaka 1973, gari la aina hiyo hiyo lilimpa ushindi Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akiwa na Lofty Drews, katika mbio zilizokuwa na ushindani mkali hadi Mehta na Harry Källström wakamaliza wakiwa sawa kwa pointi. Mehta alikuja kushinda tena mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982.

Mjengaji wa Osaka au Manchester anayetaka kazi yake ionekane ya kweli hutumia siku nzima kutafuta rangi ya tope la Kenya na vumbi la Tanzania, kisha kuipuliza chini ya milango. Vumbi hilo hilo ambalo huku watu hulifuta kila asubuhi.

Wazee wanaondoka, maboksi yanabaki

Aliyekuwa na umri wa miaka 10 mwaka 1962, akisubiri seti ya mwaka mpya dukani, sasa amevuka miaka 70. Hao ndio waliokusanya kwa wingi, kwa sababu walikuwa wakinunua upya utoto wao. Kila mwaka makusanyo makubwa yanarudi sokoni kwa mpigo kwa sababu mwenyewe amefariki au amehamia kwenye nyumba ndogo. Vijana wanaonunua wapo, hasa wanaopenda magari ya Kijapani ya miaka ya 1980 na 1990, lakini si wote wanaoitaka Rambler ya mwaka 1961. Yale yaliyokuwa adimu yanaweza kuwa mengi kuliko wanunuzi.

Hasara kubwa huangukia familia. Mjane anaachiwa chumba kilichojaa maboksi asiyoyajua. Huja mtu mwenye maneno matamu, anachagua maboksi kumi na kuyalipia kama vile ni fadhila, na yaliyobaki anashauri yatupwe. Kumi hayo ndiyo yaliyokuwa na thamani ya chumba kizima. Mwingine hufanya kinyume: anasikia kwamba boksi moja liliuzwa ghali mnadani, anadhani yote ni ghali hivyo, anakataa kila bei mpaka unyevu unamaliza mali.

Ndiyo maana kwenye maonyesho ya wajengaji, kama lile la NNL linalofanyika Toledo, Ohio, wazee wanaanza kushauriana jambo ambalo wafanyabiashara wengi wa huku pia huliahirisha: kuandika orodha wakiwa hai. Kila boksi na jina lake, limekamilika au halijakamilika, lilinunuliwa kwa kiasi gani, na ni nani wa kupigiwa simu ambaye hatadanganya. Baadhi hubandika karatasi hiyo ndani ya kifuniko cha boksi lenyewe, juu ya tairi zilizofungwa kwenye mfuko wake.